Sauti Kuachana na Picha: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Sauti ikiachana na midomo, isogeze tu.

Hii ndiyo inayopotezea watu muda mwingi zaidi. Kasoro ziko za aina mbili. Katika aina ya kwanza pengo halibadiliki: sauti imechelewa nusu sekunde mwanzoni, na nusu sekunde ileile mwishoni. Hapo kusogeza kunatosha. Katika aina ya pili filamu huanza vizuri, kisha pengo hukua kadiri dakika zinavyokwenda. Ukisogeza, unapatanisha tukio moja na kuharibu mengine yote. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote pima mara mbili, karibu na mwanzo na karibu na mwisho, pale mlango unapobamizwa au mtu anapopiga makofi.

Pengo linalokua mara nyingi husababishwa na sauti iliyotoka kwenye toleo la kasi nyingine. Sauti ya toleo la fremu (picha mojamoja zinazounda filamu) 25 kwa sekunde ikibandikwa kwenye picha ya fremu 23.976, katika filamu ya saa mbili itakwisha karibu dakika 5 kabla ya picha. Dawa ni kuipunguza kasi kwa kichujio cha ffmpeg (programu ya kuchakata video na sauti kwa amri za maandishi), `-af atempo=0.95904`, namba hiyo ni 23.976 ukigawanya kwa 25. Hata tofauti ya 24 na 23.976 huzaa sekunde 3.6 kila saa, na hizo zinaonekana wazi.

Dhana: Vitufe J na K vya kicheza video VLC hurekebisha faili.

Haviigusi faili. Kwenye Windows na Linux, J huwahisha sauti kwa milisekunde 50 na K huichelewesha kiasi hichohicho, kwa uchezaji huo tu. Thamani yake ni katika kupima: bonyeza hadi midomo ikubali, kisha soma namba iliyo kwenye skrini.

Dhana: Kurekebisha faili yenyewe hushusha ubora.

Si kwa pengo lisilobadilika. Sauti ikiwa imetangulia kwa milisekunde 400:

`ffmpeg -i filamu.mkv -itsoffset 0.4 -i filamu.mkv -map 0:v -map 1:a -c copy mpya.mkv`

Ikiwa imechelewa, andika -0.4. Hapa data inanakiliwa jinsi ilivyo, na kazi huisha upesi. Ukitumia `atempo`, sauti peke yake ndiyo inayosimbwa upya, yaani kubanwa tena na kupoteza ubora kidogo. Picha ilinde kwa `-c:v copy`.

Dhana: Faili ndiyo mbovu.

Huenda ni nzima. Vipokea sauti vya Bluetooth huchelewesha sauti, basi jaribu kwanza vya waya. Kompyuta dhaifu ikilemewa na video ya HEVC (mfumo wa kubana video) ya biti 10, picha hubaki nyuma ya sauti.

Video za simu zina kisa chao: idadi ya fremu kwa sekunde hupanda na kushuka, ilhali baadhi ya programu za uhariri huichukulia kuwa haibadiliki. Kabla ya kuihariri, isawazishe kwa `-vf fps=30`. Hapa picha haina budi kusimbwa upya, kwa hiyo tunza faili ya awali.