Kwa nini pitimosi huozesha kitunguu saumu mwitu

Majani yakiwa ya manjano kuanzia chini, na shina likivutwa linang'oka bila kushindana, lichimbue tunguu ulinuse. Likinuka uozo badala ya saumu, kagua kwanza mchanganyiko wa chungu: huenda umejaa pitimosi (peat moss).

Hapa nazungumzia Tulbaghia violacea, yule wa maua ya zambarau kutoka Afrika Kusini. Jamaa yake wa Ulaya, Allium ursinum, msimsumbukie: mbegu zake hungoja baridi ambayo Malindi haipo. Tulbaghia huweka akiba chini, kwenye tunguu na mizizi minene, kwa hiyo huvumilia kiu. Mizizi hiyo inataka hewa.

Pitimosi ina tabia nyingine kabisa. Ni mabaki ya sfagnamu, mmea mdogo wa mabwawa ya nchi za baridi kama Kanada na Finlandi, usio na mizizi wala maua. Kwenye majani yake, kati ya seli hai, mna seli kubwa zilizokufa, tupu, zenye vitundu. Hizo ndizo zinazojaa maji. Sfagnamu mkavu huweza kubeba maji mara 20 hivi ya uzito wake. Tena hunyakua kalsiamu na kuachia asidi, ndiyo maana pitimosi huwa na pH (kipimo cha asidi) ya 3.5 hadi 4.5.

Sasa mvua za masika zije juu ya chungu kilichojaa kitu hicho. Maji hayatoki, mizizi inakosa hewa, kuvu wanaingia. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka: pitimosi ikikauka hujikunja, ikaacha mwanya ukutani mwa chungu na kuyakataa maji. Unamwagilia, yanapita pembeni, unadhani mmea umekunywa. Kitumbukize chungu ndani ya ndoo ya maji nusu saa.

Mimi huchanganya mchanga wa mto sehemu 2, udongo 2, mboji iliyoiva 1. Mchanga wa ufuoni hapana, una chumvi. Makumbi ya nazi yanafaa kuchukua nusu ya ile mboji, ila si yale yaliyolowekwa baharini kwa ajili ya kusokota kamba. Hata yaliyo safi yaloweke kwa maji matamu, uyabadilishe mara tatu.

Panda shingo ya tunguu ikiwa sawa na uso wa udongo, sentimita 20 kati ya miche. Mwagilia pale sentimita 3 za juu za udongo zikikauka. Shina likisongamana, baada ya miaka miwili au mitatu, ligawe kwa kisu safi.

Pitimosi iwekee mbegu ndogondogo kwenye trei, na uvae glavu ukiwa na kidonda mkononi.