Ganzi haikukushika? Usiulaumu mwili wako

"Daktari, nakwambia mapema kabisa, mimi ganzi hainishiki." Halafu sababu zinafuata: damu yangu nzito, nilikunywa sana pombe ujanani, mwili wangu mgumu. Wiki hii nimeyasikia tena, na leo sijizuii.

Kama mwili wako ungekuwa unaikataa lidokeini, dawa yetu ya ganzi, ungeikataa kila mahali. Mbona jino la juu uliloziba halikukuuma? "Aa, lile lilikuwa la juu." Basi umejijibu. Mfupa wa taya la juu ni mwembamba na una vitundu vingi. Nikichoma karibu na mzizi, dawa inapenya yenyewe. Kwenye magego ya chini mfupa ni mnene, kwa hiyo inabidi tuifuate neva, yaani mshipa wa fahamu, huko nyuma, kabla haijazama ndani ya taya. Pale hatuoni kitu. Tunapapasa mfupa na kukadiria, na tundu ambalo neva inaingilia halikai sehemu ileile kwa watu wote. Wakati mwingine sindano imekosa shabaha tu, na mgonjwa anaondoka akiamini ana kasoro ya kuzaliwa.

Kinachonisumbua zaidi ni gego la chini ambalo kiini chake, ile nyama laini ya ndani yenye neva, kimewaka kwa uvimbe, lile lililokukesheza usiku kucha. Nachoma vizuri, mdomo unakufa ganzi, ulimi nusu umekufa, lakini nikiligusa jino mtu anaruka. Vitabu vina jibu safi: uvimbe huongeza asidi, na kwenye asidi sehemu kubwa ya dawa hubaki na chaji ya umeme, kwa hiyo haivuki utando wa neva. Kemia hiyo ni kweli. Lakini jamani, sindano nimeichoma sentimita kadhaa nyuma ya jino, kwenye nyama nzima isiyo na uvimbe! Hiyo asidi imefikaje huko? Wengine wanasema neva iliyowaka huwa na njia za sodiamu, vile vijitundu vinavyopitisha ishara ya maumivu, zisizoitii dawa. Wengine wanataja tawi dogo la neva linaloingia taya kwa mlango mwingine, au ubongo uliokwisha kuchokozwa na maumivu ya siku nyingi. Nayaamini yote kidogo, na hakuna hata moja linalonitosheleza.

Kuhusu "ongeza dawa tu, daktari": katriji moja (kichupa cha dawa kinachoingia kwenye sindano) ya mililita 1.8 ya lidokeini ya 2% ina miligramu 36, na kuna kikomo kinachotegemea uzito wako. Tena kurudia sindano ileile mahali palepale mara nyingi ni ubishi tu. Afadhali nibadilishe njia: nichome kwenye kano linaloshikilia jino, au ndani ya mfupa, au niongeze atikeini, dawa nyingine ya ganzi, ya 4% kwenye ufizi wa upande wa shavu. Ikibidi, nachoma ndani ya kiini chenyewe. Hiyo ya mwisho inauma kwa sekunde chache, sitakudanganya. Moyo ukienda mbio baada ya sindano, kwa kawaida ni adrenalini iliyomo au woga wako. Usikimbilie kujiandika una mzio. Na antibiotiki haitulizi kiini kilichowaka. Ibuprofeni saa moja kabla ya sindano inaweza kusaidia ganzi ishike, kama huna vidonda vya tumbo, shida ya figo au sababu nyingine ya kukatazwa.

Kuna na wale ambao ganzi imewashika barabara lakini wanaapa haikushika. Nyuzi nyembamba za neva zinazobeba maumivu hulala mapema. Zile nene za mguso na mgandamizo ni sugu. Kwa hiyo wakati wa kung'oa utahisi nasukuma, utahisi taya linavutwa, utasikia kitu kinapasuka. Hayo siwezi kuyafuta. Ninachohitaji ni uniambie ukweli: ni kusukumwa, au ni kitu kikali kinachochoma? La kwanza tunaendelea, la pili nasimama.

Kwa gego lililowaka, mdomo kufa ganzi pekee hakunitoshi. Nasubiri hata dakika 15, kisha naligusa jino kwa pamba iliyopuliziwa dawa ya baridi. Ukishtuka, mashine haiwashwi. Nachukua sindano nyingine na kupita njia nyingine. Usiposhtuka naanza taratibu, maana hata kipimo hicho kimeshawahi kuniambia uongo.