Kutaja namba bado sio kuhesabu

Kuhesabu ni kuvipa vitu namba kimoja kimoja, bila kuruka na bila kurudia, ili ujue viko vingapi. Namba ya mwisho uliyotaja ndo idadi ya vitu vyote. Maana yake ni hiyo tu, ila hicho kipande cha mwisho ndo watu wanakisahau, na ndo kimenifanya niandike, maana kila nikifungua simu nakuta mzazi kaposti video ya mtoto wa miaka mitatu anakimbiza moja mbili tatu mpaka hamsini bila kuvuta pumzi, na chini watu wanapongeza, mashallah, mtoto ashajua kuhesabu.

Yule mtoto anataja namba. Ni hatua nzuri na lazima aipite, kwa sababu hakuna akili inayoweza kukisia kwamba baada ya sita inakuja saba, hilo unalikariri tu. Ila kwa umri ule anazitaja kama anavyoimba wimbo. Mwekee vizibo vitano vya soda kwenye mkeka umwambie ahesabu, utaona mdomo unawahi kuliko kidole, kizibo kimoja kinapewa namba mbili, kingine kinarukwa, anafika saba na vizibo ni vilevile vitano. Na hata yule anayegusa vizuri kimoja kimoja mpaka tano, muulize, "haya mwanangu, viko vingapi?" Wengi wanaanza upya, moja, mbili, tatu... Sio ukaidi. Kwake "vingapi" ni kama umemwambia anza kutaja, bado hajajua kwamba ile tano inasema habari ya vizibo vyote na sio kile cha mwisho alichogusa.

Hili limechunguzwa siku nyingi. Wanasaikolojia Rochel Gelman na Randy Gallistel waliandika mwaka 1978 kwamba kuhesabu kuna kanuni zake kadhaa, kupanga namba kwa mfuatano ni moja tu kati ya hizo. Halafu mwanasaikolojia mwingine, Karen Wynn, kwenye utafiti wake wa 1990, akawa anawaomba watoto wampe vitu kwa idadi anayotaja yeye, na watoto ambao kutaja namba hakuwapi shida wakiombwa vitatu wanachota tu gao la mkono. Uelewa unakuja taratibu mno: mtoto anaelewa moja, inapita miezi ndo anaelewa mbili, inapita tena ndo tatu, mpaka anafika mahali anagundua kwamba utaratibu ni uleule kwa namba zote. Wengi wanafika hapo kwenye miaka mitatu na nusu au minne, kwa hiyo wa mitatu akichota gao zima usimgombeze.

Ndo maana hata michezo haifanyi kazi moja. Kombolela, yule anayefumba macho anataja namba wenzake wakajifiche, hapo anazoesha mfuatano tu, hakuna kitu anachokihesabu. Mdako ni habari nyingine kabisa. Unarusha jiwe juu, kabla hujalidaka unakomba kokoto kutoka kwenye kishimo, ukirusha tena unazirudisha zote unabakiza moja nje, raundi inayofuata unabakiza mbili, halafu tatu, na ukikosea idadi wenzako wanakutoa bila huruma! Pale namba ina kazi. Mtoto mdogo hawezi kudaka, sawa, muondolee kurusha, abaki na kishimo na kokoto, mwambie abakize mbili nje. Na wakati wa kula mtume alete vijiko, kila mtu na chake, kikipungua aone mwenyewe nani kakosa na arudi jikoni kukifuata. Anza na namba ndogo, mbili na tatu, usikimbilie ishirini. Na akimaliza kuhesabu, rudia wewe kwa sauti, "moja, mbili, tatu, vijiko vitatu", asikie namba ya mwisho ikigeuka kuwa idadi.

Kwa hiyo wazazi wenzangu, na walimu wa chekechea pia, video ziendelee maana watoto wanapendeza kweli, ila pale chini andikeni "anataja namba mpaka hamsini". Ile ya "anajua kuhesabu" iwekeni siku ukimwambia nipe vizibo vinne anakuletea vinne, na ukimuuliza umeleta vingapi anakujibu vinne bila kuanza tena moja.