Usiniulize mvua ni kiasi gani, niulize kiangazi kina miezi mingapi

Songea na Lushoto hazipishani sana kwa mvua. Ukijumlisha mwaka mzima, kila mji hupata milimita elfu moja na ushei. Lakini toka Songea kwa upande wowote uingie porini, utakuta miombo: mitundu, miyombo, mitondoro, hapa na pale mninga, na nyasi zinazokufika kiunoni. Panda kutoka Lushoto hadi msitu wa Magamba, utakuta giza, kuvumwani kwenye kila shina, mikulo na mipodo, na orodha ya spishi ambayo hata baada ya miaka mingi kazini bado inanilazimu kubeba majani kuyapeleka kwa wataalamu wanaotunza mikusanyo ya mimea iliyokaushwa wanisaidie majina.

Mwinuko una mchango wake, sikatai. Magamba iko juu zaidi, kuna baridi zaidi, na hupata mvua nyingi kuliko mji wenyewe. Ila tofauti kubwa iko kwenye kalenda. Songea mvua huanza Novemba ikielekea mwisho, na ikishakatika mwezi wa nne au wa tano, ndiyo basi mpaka mwaka ugeuke. Usambara, iliko Lushoto, kuna masika, kuna vuli, na hata katikati yake ukungu hukaa mlimani siku nzima. Sisi tunaofanya kazi kwenye misitu ya tropiki tuna kipimo chetu cha haraka: msitu mnene hutumia takriban milimita 100 za maji kwa mwezi, kwa hiyo mwezi wowote wenye mvua pungufu ya hapo tunauhesabu kuwa mkavu. Hesabu miezi hiyo, halafu angalia ramani ya misitu. Utashangaa jinsi vinavyoendana.

Sababu iko ndani ya mti. Maji hupanda kutoka mizizini kwa kuvutwa na majani yanayopoteza mvuke, kwenye mishipa myembamba iliyojaa maji bila kukatika. Udongo ukikauka, mvuto unazidi, na mwisho hewa huingia na kuukata mkondo. Mshipa huo umekwisha kazi. Mti mkubwa wenye mizizi mirefu unaweza kuvumilia. Mche wa msimu mmoja, wenye mzizi wa kidole kimoja, hauna pa kukimbilia. Ndiyo maana nasema kiangazi huchagua spishi zikiwa bado miche.

Mininga inaonyesha hili vizuri kuliko mti wowote ninaoujua. Mche wake huota na mvua, ukifika kiangazi shina lote hufa mpaka ardhini. Mvua ikirudi, huchipua tena, na kufa tena. Hali hiyo huendelea kwa miaka mingi, huku chini mzizi ukinenepa kimyakimya, mpaka mwaka mmoja mche unapata nguvu ya kurusha shina refu kupita urefu wa moto. Ukitembea miombo mwezi wa nane, moto ukiwa umeshapita, fukua kidogo kwenye kijiti kilichoungua chenye unene wa penseli. Utakuta mzizi mnene kama mhogo. Mtu akiona kijiti kile atadhani ni cha mwaka jana, kumbe huenda kina umri wa kijana anayemaliza sekondari.

Miti mingine ya miombo ina ujanja tofauti. Mtundu hutoa majani mapya, mekundu kabisa, wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza la mvua, kwa maji yaliyohifadhiwa ndani ya mti na chini ardhini. Mizizi yake na ya jamaa zake imeungana na kuvu wanaoisaidia kupata chakula kwenye udongo maskini. Uyoga unaouzwa kandokando ya barabara mvua zikianza, Tabora au Iringa, mwingi ni matunda ya ndoa hiyo. Spishi zinazoweza maisha haya ni chache, lakini zile zinazoweza zinatawala. Ploti ya miombo, yaani kipande cha msitu kilichotengwa kwa kupimwa, unaweza kuipima asubuhi moja: unazungusha utepe kwenye usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, unamsomea karani, na karani anaandika mtundu, mtundu, mtondoro, mtundu, mpaka anaanza kupiga miayo.

Sasa nenda Amani, Usambara Mashariki, kwenye bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Huko mvua inakaribia milimita 2,000 na hakuna mwezi unaopita bila mvua. Karani hapigi miayo. Unapima mnyasa, unaofuata ni msambu, wa tatu huujui, wa nne una mizizi iliyotanuka pembeni mpaka inabidi mtu apande juu ndipo apate mahali pa kuzungushia utepe. Huenda ukatembea kitambo kabla ya kuona tena ile spishi ya kwanza.

Kwa nini unyevu wa mwaka mzima ulete aina nyingi, badala ya kuacha mti mmoja wenye nguvu umeze wengine wote? Maelezo yanayonishawishi zaidi yalitolewa na wanaikolojia wawili, kila mmoja kwa njia yake, Daniel Janzen mwaka 1970 na Joseph Connell mwaka 1971. Mbegu zikianguka chini ya mama yao, wadudu na kuvu wanaoishambulia spishi hiyo wapo pale pale wanasubiri. Mbegu iliyobebwa na ndege au nyani mpaka mbali ndiyo yenye nafasi ya kuota. Kwa hiyo karibu na kila mti panabaki nafasi kwa mti wa aina nyingine. Kiangazi kirefu hupunguza maadui hao, hasa kuvu. Pasipo na kiangazi, wanafanya kazi mwaka mzima, na hakuna spishi inayopata raha ya kutawala.

Watu wa pwani wanajua pepo zao, na misitu nayo inazijua. Kusi hutoka Bahari ya Hindi na unyevu, hugonga upande wa mashariki wa Uluguru, hupanda, hupoa, na kumwaga. Upande wa magharibi hupata kilichobaki. Mombo, chini kabisa ya ukuta wa Usambara Magharibi, ni mibuyu na migunga, ingawa ukiinua macho unaona mawingu yamekalia msitu juu yako.

Bahari hiyo hiyo ilifanya jambo lingine kubwa zaidi. Katika kipindi cha mwisho cha barafu duniani, Afrika ilikauka vibaya. Ziwa Victoria lilikauka, kwenye miaka 17,000 hadi 15,000 iliyopita. Misitu ya Kongo ilipungua. Lakini chavua iliyopatikana kwenye matope ya zamani katika milima ya Tao la Mashariki, safu yenye Usambara na Uluguru, inaonyesha kuwa huko msitu haukutoweka, kwa sababu ukungu wa baharini uliendelea kufika. Spishi zilizokufa kwingine zilibaki pale, na nyingine zilizaliwa pale pale. Bara letu kwa jumla halikuwa na bahati hiyo. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2015 yanaipa Afrika ya tropiki spishi 4,500 hadi 6,000 za miti, wakati Amerika ya tropiki na eneo la Asia na Pasifiki kila moja lina 19,000 hadi 25,000. Ukame wa leo ni sehemu ya maelezo. Ukame wa zamani, naamini, ndio sehemu kubwa.

Hata hivyo nisije nikaipa hali ya hewa sifa zote. Ituri, mashariki mwa Kongo, kuna ploti mbili maarufu za utafiti, Edoro na Lenda, zilizopimwa tangu miaka ya 1990. Mvua ni ile ile. Edoro ni msitu mchanganyiko. Lenda ni mti mmoja tu, mbau, mbau, mbau, kwa kilometa. Mbau huangusha majani mazito yanayooza polepole, kivuli chake hakipitishi mwanga, na mbegu zake ni nzito, zina akiba ya kutosha kuvumilia giza ambalo miche mingine hufia. Nayo pia ina kuvu wake mizizini, kama mtundu. Na kuna jambo linalonitatiza zaidi: utafiti mkubwa wa mwaka 2024 ulikuta kwamba Afrika, Amazoni na Asia ya Kusini-Mashariki, asilimia 2 hivi tu ya spishi ndizo zinazobeba nusu ya miti yote. Hali za hewa tofauti, historia tofauti, uwiano ule ule. Hali ya hewa inaeleza idadi ya spishi zinazoingia na ni zipi. Kwa nini spishi chache ziwe na miti mingi hivyo kila mahali, hapo inakaa kimya.

Kilimanjaro ndiko ninakoangalia kwa wasiwasi. Upande wa kusini mvua hufika kilele karibu na mita 2,200, na mikulo hustawi hapo. Kwenye korongo moja mlimani humo, mtafiti wa mimea Andreas Hemp alipima mkukusu wa mita 81.5, mti mrefu kuliko wote unaojulikana Afrika. Upande wa kaskazini, mlima ule ule, ni miangati na mizeituni mwitu, kwa sababu ya ukavu. Wengi hudhani joto litapandisha msitu juu ya mlima. Hemp ameonyesha kwamba kwenye ukingo wa juu limetokea kinyume chake: miaka imekuwa mikavu zaidi, moto umepanda, na msitu wa erika, miti midogo ya ukanda wa juu, umeshuka mamia ya mita. Erika ndiyo iliyokuwa ikinasa ukungu na kuudondosha ardhini. Ilipoungua, maji hayo nayo yaliondoka, na vijiti vinavyochipua baada ya moto havijafikia kimo cha kunasa tena.