Wachimba Madini wa El Paso: dhana potofu kuhusu michezo ya UTEP

Chuo Kikuu cha Texas cha El Paso, maarufu kama UTEP, kiko pembezoni mwa Marekani. Ukivuka mto tu uko Ciudad Juárez, Mexico. Wapenzi wa michezo wakisikia jina lake hukumbuka jambo lile lile: mwaka 1966, fainali ya kikapu dhidi ya Chuo Kikuu cha Kentucky, wachezaji watano weusi. Usiku ule naupenda, na nitaueleza hapa chini. Ila umeachwa ufunike mambo mengi mno, na wenyewe umezungushiwa maneno ambayo si kweli.

Dhana: UTEP ni chuo cha mpira wa kikapu

Tuhesabu mataji. Timu za UTEP zimetwaa ubingwa wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, mara 21. Mpira wa kikapu umeleta taji 1. Mengine 20 yameletwa na wanaume wa riadha: 7 ya mbio za nyika, 7 ya riadha ya ukumbini na 6 ya riadha ya uwanja wa wazi. Ukitoa lile la nyika la 1969, yote 19 yaliyobaki yalipatikana kati ya 1974 na 1982, mengi yake katika enzi ya kocha Ted Banks. Mataji 19 kwa miaka tisa! Sijui niseme nini zaidi ya hapo kumshawishi mtu anayekiita chuo cha kikapu.

Na waliokimbia ni watu wa kwetu. Mtanzania Suleiman Nyambui alishinda mita 10,000 za vyuo miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, na katikati ya miaka hiyo akaenda Moscow 1980 akarudi na medali ya fedha ya Olimpiki ya mita 5,000. Mwaka huo huo wa 1980 alishinda pia mbio za nyika za vyuo. Mwaka 1983 mshindi wa mbio hizo alikuwa Mtanzania mwingine wa UTEP, Zakaria Barie. Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola wa 1978, naye alivaa jezi hiyo, na Mkenya Michael Musyoki pia.

Ili uone walivyokuwa wakali, tazama nyika ya 1981. Katika mbio za nyika timu hutoa wakimbiaji watano wa kuhesabiwa. Nafasi zao zinajumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye bingwa. Wa kwanza anapewa pointi 1, wa pili 2, na kuendelea. Kwa hiyo timu ikishika nafasi tano za mwanzo zote, inapata 15, na chini ya hapo haiwezekani kwenda. UTEP ilipata 17. Fikiria uwanja umejaa vijana bora wa vyuo vya Marekani nzima, na watano wa chuo kimoja wanaingia mstarini karibu wakigusana mabega. Usiku wa 1966 una filamu yake. Siku hii haina.

Dhana: kocha Don Haskins ndiye aliyeleta wachezaji weusi wa kwanza

Haskins alifika mwaka 1961. Wakati huo chuo kilikuwa kinaitwa Texas Western. Jina la sasa lilikuja 1967. Charlie Brown, mchezaji mweusi, alikuwa ameshaanza kuichezea timu mwaka 1956, katika zama ambazo vyuo vingi vya kusini havikutaka kulisikia jambo hilo. Haskins alipopokea kikosi alimkuta ndani yake kijana wa hapo hapo El Paso, Nolan Richardson, ambaye baadaye akiwa kocha wa Arkansas alitwaa ubingwa wa vyuo wa 1994. Filamu ya 2006 imesukuma mambo ya miaka mitano yakaonekana ya msimu mmoja, kana kwamba kocha alifika mwaka huu na ubingwa ukaja mwaka huu huu.

Dhana: timu ya 1966 ilikuwa ya weusi watupu

Watano walioanza fainali ya Machi 19, 1966, pale College Park, Maryland, walikuwa weusi wote: Bobby Joe Hill, David Lattin, Orsten Artis, Willie Worsley na Harry Flournoy. Nevil Shed na Willie Cager waliingia kutoka benchi. Hao saba ndio waliocheza dakika zote. Upande wa pili, Kentucky ya kocha Adolph Rupp ilikuwa na Wazungu peke yao. Texas Western ikashinda 72 kwa 65.

Ila orodha ya kikosi ilikuwa na watu 12: weusi saba, Wazungu wanne na David Palacio, kijana wa El Paso mwenye asili ya Mexico. Na hao waliobaki benchini fainali hawakuwa mapambo. Kwenye nusu fainali dhidi ya Utah, mfungaji Jerry Chambers aliwatesa walinzi mmoja baada ya mwingine mpaka akafikisha pointi 38. Aliyeingizwa kumbana alikuwa Jerry Armstrong, Mzungu, na Texas Western ikapita 85 kwa 78. Bila kazi ile pengine fainali tunayoisimulia isingekuwepo.

Wengine husema Kentucky ilishindwa kwa bahati mbaya tu. Waliona Bobby Joe Hill alivyofanya kipindi cha kwanza? Alimpora mchezaji wa Kentucky mpira katikati ya uwanja, akaenda kufunga peke yake. Sekunde chache baadaye, Kentucky walipopandisha tena, akampora mwingine, akafunga tena. Alimaliza na pointi 20. Hiyo si bahati. Mikono yake ilikuwa na kasi kuliko macho yao.

Kuhusu Haskins mwenyewe, hakuwahi kudai kwamba alikusudia kupigania haki za weusi usiku ule. Maelezo yake yalikuwa mafupi: alichezesha watu wake bora. Mimi naliona jibu hilo kuwa zito kuliko hotuba.

Dhana: ni timu pekee ya Texas kuwa bingwa wa kikapu cha wanaume

Ilikuwa kweli kwa miaka 55. Baylor walichukua ubingwa 2021.

Dhana: Bob Beamon aliruka mita 8.90 akiwa mwanariadha wa UTEP

Hapa panauma. Beamon alikuwa mwanafunzi wa UTEP kweli. Lakini Aprili 1968 yeye na wenzake weusi walikataa kushindana na Chuo Kikuu cha Brigham Young kwa sababu ya msimamo wa kanisa linalokimiliki chuo hicho, la Wamormoni, kuhusu watu weusi. UTEP ikawaondoa kwenye timu na kuwanyang'anya udhamini. Beamon akaendelea na mazoezi akisaidiwa na Ralph Boston, mpinzani wake mwenyewe katika kuruka chini. Oktoba 18, kwenye Olimpiki ya jijini Mexico, akaruka hizo mita 8.90 na kuvunja rekodi ya dunia kwa sentimita 55, rekodi iliyosimama hadi 1991. Chuo kilichosifiwa 1966 kwa kuwapa weusi nafasi kiliwafukuza weusi wengine miaka miwili baadaye, na historia yake haikamiliki bila mambo hayo mawili kutajwa pamoja.

Dhana: mpira wa Kimarekani ndio nguzo ya mafanikio

Timu hiyo ndiyo kongwe, ilianza 1914 chuo kilipofunguliwa kama shule ya madini, ndiyo maana timu zote zinaitwa Miners, yaani wachimba madini. Inachezea uwanja wa Sun Bowl. Lakini mara ya mwisho kushinda mchezo wa heshima wa mwisho wa msimu ilikuwa 1967, ilipoifunga Mississippi 14 kwa 7.

Dhana: enzi ya Waafrika Mashariki ilikwisha na kina Nyambui

Mkenya Anthony Rotich alishinda mita 3,000 kuruka viunzi na maji za vyuo 2013, 2014 na 2015. Emmanuel Korir alishinda mita 800 mwaka 2017, ukumbini na nje, kisha akachukua dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo. Mwaka 2018 taji la ukumbini la mita 800 likabaki El Paso mikononi mwa Michael Saruni. Kocha wao wa mbio hizo alikuwa Paul Ereng, aliyeshinda dhahabu ya mita 800 Seoul mwaka 1988 akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Virginia.