Dhahabu ya Asante iko Kumasi, ila imeazimwa tu

Kazi yangu ni kufuatilia kitu cha makumbusho kimepita mikononi mwa nani na nani mpaka kikafika kabatini. Sasa mwaka 2024 vitu 32 vya Asante, ufalme ulioko Ghana, vilipotoka kwenye makumbusho mawili ya London, British Museum na Victoria and Albert (V&A), kwenda Manhyia, ikulu ya Asantehene, yaani mfalme wa Asante, kule Kumasi, watu wengi walisema vimerudi. Havijarudi jamani, vimeazimwa, miaka 3, na inaweza kuongezwa mingine 3.

Tuanze na Februari 1874. Jeshi la Uingereza chini ya Garnet Wolseley liliingia Kumasi, Asantehene Kofi Karikari akiwa ameshaondoka, wanajeshi wakabeba vitu vya ikulu halafu wakailipua kwa baruti, na juu ya hapo Waasante wakatozwa fidia ya aunsi 50,000 za dhahabu, yaani aliyeibiwa ndo akaambiwa alipe! Vingine vikafika London kwa Garrard, sonara wa malkia, na hapo makumbusho ya V&A ikanunua vipande 13. Ukiona rekodi imeandikwa "vilinunuliwa 1874" usiishie hapo, uliza muuzaji alivipata wapi.

Na hivi si mapambo tu. Kuna visahani vya dhahabu vinaitwa akrafokonmu, vilivaliwa kifuani na waosha roho, watumishi ambao kazi yao ilikuwa kutakasa roho ya mfalme. Ukikiweka hicho kwenye kioo na kukiita beji umekiondolea kazi yake yote, na mimi hilo linaniuma kuliko hata thamani ya dhahabu yenyewe.

Kwa nini sasa makumbusho hayo ya London yasirudishe vitu moja kwa moja? Jibu lao ni sheria: British Museum inafungwa na sheria ya 1963, V&A na ya 1983, zote zinabana sana kutoa kitu kwenye mkusanyo. Ni kweli, ila sheria inatungwa na bunge, na bunge linaweza kuibadilisha, Ufaransa walipitisha sheria maalumu Desemba 2020 na mwaka uliofuata vitu 26 vya ikulu ya Abomey vikarudi Benin.

Halafu Februari ya mwaka huohuo wa 2024, miaka 150 baada ya uporaji, Fowler Museum ya Los Angeles ilimkabidhi Asantehene Otumfuo Osei Tutu II vitu 7 vya Asante. Hivyo havina tarehe ya kurudishwa Los Angeles.