White Mischief: uso ambao kamera haikuungoja

Kila nikiulizwa ni filamu gani ya zamani ya mapenzi na mauaji inayohusu hapa kwetu Nairobi, nataja White Mischief ya 1987, na mtu ananiambia aah, ile ya wazungu walevi wa Happy Valley, lile kundi la walowezi matajiri wa enzi ya ukoloni, waliokuwa wakichukuliana wake. Ndiyo, hiyo hiyo. Lakini mimi kazi yangu ni kukata filamu, siku nzima niko na shoti za watu nikiamua nani aonekane na nani asikike tu, na ukiitazama kwa macho hayo utakuta muvi inayojua sana kumtega mtazamaji, na pia utakuta pengo ambalo mimi linaniuma.

Stori ni ya kweli. Sir Jock Delves Broughton, mzee wa miaka 57, alimwoa Diana Caldwell wa miaka 27 huko Durban Novemba 1940 wakaja Kenya mwezi huohuo. Walikuwa wamekubaliana kwamba Diana akipenda mwanamume kijana zaidi, mzee hatamzuia, atamwacha aende na atamlipa pauni 5,000 kila mwaka. Haikufika hata miezi mitatu, Diana akawa amezama kwa Josslyn Hay, Earl (yaani lodi) wa Erroll, mwanamume mtanashati aliyezoea wake za watu. Tarehe 24 Januari 1941, mwendo wa saa tisa usiku, Erroll akapatikana amekufa ndani ya Buick yake karibu na pale Karen Road inapokutana na Ngong Road, risasi kichwani, taa za gari bado zinawaka. Broughton alishtakiwa, juri ya wazungu watupu ikamwachilia Julai 1941, na hadi leo hakuna mtu aliyewahi kuhukumiwa kwa hayo mauaji.

Sasa hapa ndipo penye utamu kwa mtu wa kazi yangu. Filamu nyingi za aina hii zinasimama juu ya siri, kuna barua imefichwa, kuna mtu anatoka nje usiku, na sisi tunangoja siku mwenye mke atajua. Hapa hakuna siri yoyote! Mapenzi yanafanyika mbele ya mume, mbele ya klabu nzima, kwa hivyo udanganyifu lazima utoke kwingine, na Michael Radford, dairekta, ameuweka mahali pazuri sana, kwenye upole wa mzee. Kinachodanganya ni ile adabu.

Tazama sini ya chakula cha usiku Muthaiga, klabu ya wazungu hapa Nairobi, saa chache kabla ya mauaji. Broughton anainua glasi mbele ya watu na kuwatakia Diana na Joss, yaani Erroll, furaha, na hata wabarikiwe mrithi. Jambo hili kwa kweli lilitokea, halikubuniwa na mwandishi wa skripti. Alafu anamwomba Erroll amrudishe Diana nyumbani kabla ya saa tisa usiku. Mwanamume anamkabidhi mwenzake mke wake na kumpangia saa ya kumrudisha! Mwigizaji Joss Ackland, ndiye Broughton, anaicheza kwa utulivu unaotia baridi, na hapo mtazamaji anabaki na mambo mawili ambayo hawezi kuyatenganisha: huyu ni muungwana anayetimiza ahadi, ama ni mtu anayejipangia mashahidi, manake kesho yake klabu yote itasema mbona aliwabariki. Na kumbuka siku chache tu kabla alikuwa ameripoti polisi kwamba bastola zake mbili zimeibiwa.

Kwenye kukata, sini kama hiyo haibebwi na anayeongea. Inabebwa na wanaomsikiliza. Ukikaa na uso wa mzee muda mrefu, watu watamhurumia. Ukimkata maneno yakiwa katikati ukaenda kwa Diana, watu wataona aibu. Ukienda kwa majirani wa meza, wataonja umbea. Sauti ni ileile na maneno ni yaleyale, lakini mshukiwa amebadilika. Ndiyo maana nawaambia vijana wanaoanza kazi hii, kabla hujagusa muziki amua kwanza nani anasikiliza.

Picha nazo ni za Roger Deakins, yule aliyekuja kushinda Oscar mbili baadaye, na jua letu amelitumia vizuri, hakuna vichochoro vya giza, uovu wote uko mchana peupe. Mwigizaji Sarah Miles naye ni Alice de Janzé wa kundi hilohilo, mama ambaye kabla ya haya yote, 1927, alimpiga mpenzi wake risasi kwenye stesheni ya treni Paris, akajipiga na yeye, wote wakapona na baadaye wakaoana kabisa. Kwa hao watu kupenda kupita kiasi kulikuwa kama desturi.

Pengo sasa. Katika nyumba hizo za Karen, mtaa wa wazungu, nani aliyejua ngazi zinalia saa ngapi, viatu vya nani vina tope asubuhi, nini kimechomwa kwa moto nyuma ya nyumba? Wafanyakazi. Na maiti yenyewe ilipatikana na Waafrika wawili waliokuwa na lori la maziwa. Wakati huohuo askari Waafrika wa KAR (King's African Rifles, jeshi la wakoloni hapa Afrika Mashariki) walikuwa njiani kwenda kupigana na Waitaliano. Kwenye filamu wapishi na maboi wamejaa kila fremu, wamevaa kanzu, wanamimina vinywaji, lakini mara nyingi kamera inawapita kama viti. Hii si lawama ya siasa tu, ni kasoro ya filamu ya taharuki. Una mtu aliyeona kila kitu, amesimama futi tano nyuma ya mshukiwa, na humtumii?

Mimi ningepewa shoti zote za ile sini ya Muthaiga niikate upya, ningemwacha Broughton aanze tu kuinua glasi, kisha niende kwa mhudumu aliyeshika chupa, nikae naye mpaka mzee afike kwenye neno mrithi, na Diana nisimwonyeshe kabisa hadi glasi zigongane. Kama huyo mhudumu walimpiga picha kwa karibu, hata sekunde nne zingetosha.